Mluzi wa Saa Kumi na Robo

Mbio zimekwisha. Mafinga inafunga vifungo vya koti,
ukungu unashuka kutoka misonobari ya Sao Hill,
na waliokula dau wako kwenye turubai la nyama choma
wakilitaja jina lake kwa midomo yenye mafuta:
Kimulimuli! Kimulimuli,
aliyewaacha wenzake urefu wa lori la magogo.

Mimi sikuona mbio.
Mimi huja baadaye, na kikombe ncha ya fimbo,
glavu, chupa mbili, lakiri nyekundu yenye namba.
Wenye farasi huniita Mama Mkojo
wakidhani sisikii.

Sheria inampa farasi maji na saa nzima.
Nasimama ubavuni, nyuma kidogo ya paja
(teke la farasi halina samahani)
nikiitazama shingo.
Ni jike. Karatasi inasema jike, miaka minne,
lakini shingo imetuna juu kama ya fahali,
na jike mwenzake alipopitishwa mlangoni
alikoroma, akachimba sakafu kwa kwato
kama dume linalodai.
Siandiki hayo.
Fomu yangu haina mstari wa shingo.

Faustino Kihwele ndiye mtunzaji.
Miaka kumi na tisa, gambuti mbili za saizi mbili,
hulala humuhumu, blanketi lake na la farasi
yananuka jasho moja.
"Hakojoi mbele ya mgeni," anasema.
"Nani anakojoa?" namjibu.
Anacheka. Halafu anakumbuka mimi ni nani.

Dakika thelathini. Arobaini.
Mwenye mali anachungulia, marashi yake yanamtangulia,
anauliza kama mtaalamu amekunywa chai.
Kuna bahasha ndani ya sauti yake.
"Nimezaliwa Tukuyu," nasema,
"chai nimekunywa tangu utotoni, imetosha."

Ndipo Faustino akabana midomo
akapiga mluzi.
Chini chini, ule wa kila alfajiri kabla ya mazoezi,
sauti mbili zinapanda, ya tatu inashuka
kama ndoo inayotuliwa kisimani.
Masikio yakageuka kumfuata.
Miguu ya nyuma ikatanuka.
Na mkojo ukaja, wa moto, ukifuka kwenye baridi ya Julai,
nami nikanyoosha fimbo yangu
kama mwombaji aliyezoea.

Alipiga mluzi mpaka tone la mwisho,
kisha akanyamaza ghafla,
mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe
ikisomwa mahakamani.

"Mama, hivi humo… vitu vya usiku vinaonekana?"
"Vya usiku upi?"
Akaangalia kopo la chumvi juu ya boriti.
Na mimi nikaliangalia.
Kisha wote wawili tukamwangalia farasi,
yeye peke yake asiyekuwa na la kuficha,
akitafuna.
"Waliniambia vitamini," akasema.

Nikamimina nusu huku, nusu kule. Nikapiga lakiri.
Sauti ndogo ya plastiki, kama kidole kinachovunjwa.
Shahidi atie sahihi hapa.
Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole,
akiminya kalamu hadi karatasi ya chini
na ya chini yake.

Mkojo hauna mjomba, alinifundisha bosi wangu wa kwanza.
Ni kweli.
Lakini Faustino anaye:
ndiye aliyemtoa Nyololo, akamtafutia kazi hii,
na ndiye anayeshika ufunguo wa banda
baada ya saa nne usiku.

Majibu ni siku ishirini na moja.
Nililipakata sanduku la barafu magotini
kama mtoto wa mtu.
Nyuma yetu, bandani, alikuwa akimnywesha tena;
nikausikia ule mluzi ukipenya ukungu.
Sauti mbili zikapanda.
Nikangoja ya tatu ishuke.

Dereva akawasha gari.